Lenzi ya kila siku kwa kazi za Bagamoyo: 17-50, 18-135 au ile iliyokuja na kamera?

Ingia duka lolote la kamera Kariakoo, sema unatafuta lenzi moja ya zumu ya kufanyia kila kitu, na muuzaji atakutolea ile inayovuta mbali kuliko zote: 18-135, 18-200, hata 18-300. Ataizungusha mbele yako mpaka mrija wake utoke nje kama shingo ya kobe, na moyo utalainika. Kwa anayepiga picha Bagamoyo, tunashauri utazame kwanza namba ndogo ya mwanzo, yaani milimita za lenzi ikiwa kwenye upana wake wote, kisha namba ya f, na mvuto uje mwisho. Mji huu una vichochoro, baraza, vyumba vyenye kuta nene za mawe ya matumbawe, na ngoma za usiku. Mara nyingi utakosa nafasi ya kurudi nyuma, na utakosa mwanga. Kukosa mvuto kutakusumbua ukiwa ufukweni tu, na huko kuna njia ya kujisaidia.

Tumejikita kwenye Canon na Nikon zenye sensa ndogo, zile ambazo wapiga picha huziita kropu, kama 700D, 80D, D5300 na D7200, kwa kuwa ndizo anazozimudu mtu anayenunua mtumba. Wenye fulu fremu, yaani sensa kubwa, na kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) wamewekewa chao baadaye. Bei hatukuziandika, maana zinapanda na kushuka na dola.

Upana

Hesabu yake ni nyepesi. Sensa ya Canon kropu ina upana wa milimita 22.3. Gawanya 22.3 kwa milimita za lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama, na utapata upana wa kinachoingia kwenye picha. Simama mita 3 kutoka mlango wa kuchonga wa Mtaa wa India, mgongo ukigusa ukuta wa upande wa pili, kamera ukiwa umeisimamisha wima. Lenzi ya milimita 17 inakupa kimo cha mita 3.9. Ya 18 inakupa mita 3.7. Ya 24 inakupa mita 2.8 tu, na hapo ama unakata nakshi ya juu ya fremu, ama unakata kizingiti na baraza. Sensa ya Nikon ni pana kidogo, milimita 23.5, kwa hiyo 18 ya Nikon inaona karibu sawasawa na 17 ya Canon. Mwenye Nikon asihangaike kutafuta 17 kwa ajili ya upana peke yake.

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Canon EF 24-105mm f/4L ina ule mstari mwekundu unaoheshimiwa wa lenzi za daraja la juu, ni imara, na zilizotumika zimejaa sokoni. Ukiifunga kwenye 700D au 80D inakuwa na mwono wa 38mm kwa vipimo vya fulu fremu. Lenzi nzuri sana, mahali pasipo pake. Utapiga nusu ya mlango, nusu ya ukumbi, nusu ya familia iliyokaa sebuleni kwenye mkeka. EF 24-70 ni hivyohivyo. Ikiwa umeshainunua, usiiuze kwa hasira. Tafuta lenzi ya upana ya kuitangulia, kama Canon EF-S 10-18mm. Lakini hapo hiyo si lenzi moja tena.

Upana una faida nyingine ambayo wanaopiga majengo ya zamani wanaijua. Ukiuinua mdomo wa kamera ili uuingize wote mnara wa kanisa la Misheni, ule uliolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, mistari ya kuta hukimbiliana juu na mnara unaonekana kuanguka kinyumenyume. Dawa ni kuishika kamera sawa kabisa na upeo, kukubali mchanga na nyasi nyingi chini ya picha, kisha kuzikata baadaye. Hilo linawezekana ukiwa na 17 au 18 na nafasi ya kurudi nyuma kidogo. Ukiwa na 24 kwenye kropu, mnara umeshakatika kabla hujaanza. Pale Ngome Kongwe na Caravanserai ni shida hiyohiyo, na ukiingia uani ndiyo inazidi.

Mwanga

Namba ya f hueleza ukubwa wa tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni hatua mbili, yaani mwanga mara nne. Chukua jukwaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, usiku, wachezaji wa ngoma wakiruka, na tuseme taa zilizopo, kwa f/2.8 na kasi ya shata 1/250 ya sekunde, zinakudai ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ya 3200. Mwenye lenzi inayoishia f/5.6 ana njia mbili: apandishe hadi ISO 12800, ambayo kwenye 700D ni chengachenga tupu, au ashushe shata hadi 1/60, na mikono ya mchezaji igeuke moshi. Kitulizi cha mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hakimsaidii hapo. Kinatuliza mkono wako; mcheza ngoma hakimgusi.

Vivyo hivyo kwenye kumbi za harusi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50, kwa hiyo taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi kuliko 1/100 unaanza kupata mistari myeusi ikikatiza picha, au nguo nyeupe ya bibi harusi ikitoka ya njano kwenye picha moja na ya bluu kwenye inayofuata. Kwa hiyo huna uhuru mkubwa wa shata; uhuru wako umebaki kwenye tundu. Lenzi yenye f/2.8 mwanzo hadi mwisho wa mvuto inakuachia shata kwenye 1/100 na ISO ikabaki inayovumilika. Lenzi za 3.5-5.6 husifiwa kwa ile 3.5, ambayo ipo kwenye upana tu. Ukifika katikati ya mvuto, mahali unapopigia sura za watu, tayari uko f/5 au f/5.6.

Tahadhari kwa walioona f/2.8 wakadhani ni ya kutumia saa zote. Kwenye kropu, milimita 50, f/2.8, mtu akiwa mita 3, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita 38 jumla. Bwana na bibi harusi wakisimama bega kwa bega wanaenea. Wazee wakikaa viti vya mbele na vijana wakisimama nyuma yao, hawaenei. Funga hadi f/5.6 na utapata karibu mara mbili. Mapambano ya soko la samaki ni tofauti kabisa: weka 17, f/8, fokasi kwenye mita 2, zima fokasi ya otomatiki, na kila kitu kuanzia mita 1 hadi upeo wa bahari kinatosha kuonekana vizuri. Mnadi anapotaja bei na mikono inaruka hewani, wewe unabonyeza tu. Omba ruhusa kwanza, lakini. Watu wako kazini, na wengi hawapendi kuvamiwa.

Tunayoichagua: Sigma 17-50mm f/2.8 EX DC OS HSM

Ina f/2.8 muda wote, kitulizi, uzito wa gramu 565, filta ya milimita 77, na inafokasi kuanzia sentimita 28. Ilitengenezwa kwa Canon, Nikon na maunti (vifungio vya lenzi kwenye kamera) nyingine, na nyingi zinazouzwa sasa ni za mkono wa pili. Katikati ya picha ni kali kuanzia f/2.8 yenyewe. Pembeni hulainika kwenye upana, hutengemaa ukifunga hadi f/5.6. Kwa picha za watu pembe hizo hazina neno. Kwa ukuta wa magofu ya Kaole, ambapo kila jiwe linahesabika, funga tundu.

Ina mambo yake. Pete ya fokasi huzunguka yenyewe wakati mota inafanya kazi, na ukiikamata unaibana mota. Ishike lenzi kwa kiganja chini ya pete ya zumu, na ukitaka kufokasi kwa mkono telezesha swichi hadi MF kwanza. Ina kufuli la zumu, na kufuli hilo hufanya kazi kwenye 17 peke yake. Lifunge unapotembea, la sivyo lenzi hujifungua taratibu ikining'inia. Mota yake husikika kwenye video.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya nakala hufokasi mbele au nyuma ya lengo. Kipimo chake: weka kamera kwenye stendi, piga kitu chenye maandishi kwa kutumia kitundu cha kuchungulia, kisha piga tena kwa kutumia skrini. Picha ya skrini ikitoka kali na ya kitunduni ikawa laini, lenzi na kamera hazipatani. Canon 70D, 80D, 7D na 90D zina menyu ya kurekebisha hilo. 60D, 700D na 1300D hazina, kwa hiyo mwenye hizo asinunue nakala kabla ya kuipima kwenye kamera yake mwenyewe. Nakala iliyofanya vizuri kwenye kamera ya muuzaji haithibitishi chochote.

Jambo dogo linalosahaulika: ukiitumia kwenye Canon mpya kiasi, zima kwenye menyu marekebisho ya lenzi yanayofanywa na kamera. Kamera haiijui Sigma ya kizazi hiki, na wakati mwingine huchora miduara ya ajabu kwenye picha. Kupinda kwa mistari na giza la pembeni kunarekebishwa baadaye kwenye kompyuta.

Ndugu yake ghali ni Canon EF-S 17-55mm f/2.8 IS USM, ya mwaka 2006. Mota yake ni ya kimya na ya haraka, fokasi ya mkono unaigusa wakati wowote bila swichi, na inakwenda hadi 55. Uzito ni gramu 645, filta 77 pia. Kwa harusi tu, mtu ambaye pesa inamruhusu aichukue hii. Inashika fokasi gizani kwa uhakika kuliko Sigma. Kinachotufanya tusiisifie kwa Bagamoyo ni vumbi. Zumu yake inapofunguka huvuta hewa, na vumbi hujikusanya nyuma tu ya kioo cha mbele. Haina mpira wa kuzuia maji kwenye maunti. Kofia yake ya kukinga jua huuzwa kando, na ya mtumba mara nyingi huja bila kofia. Nunua EW-83J, kwa sababu jua la asubuhi la ufukweni hapa linakujia usoni moja kwa moja na kuifanya picha ififie.

Tamron 17-50mm f/2.8 ni ya mwenye bajeti ndogo. Kuna mbili. Ya kwanza, ya 2006, haina kitulizi, ni nyepesi, filta yake ni 67, na wengi huona ndiyo kali zaidi ya hizo mbili. Iliyofuata ina kitulizi kinachoandikwa VC, na filta ya 72. Zote mbili zina mota yenye mlio wa mashine ya kunyolea. Mwenye Nikon za safu ya D3000 au D5000, kama D5300, aangalie sana: matoleo ya mwanzo ya Tamron ile isiyo na kitulizi yaliyotengenezwa kwa Nikon hayana mota ndani, na kamera hizo hazina mota mwilini. Itafunga vizuri, itapiga, lakini fokasi itakuwa kazi ya vidole vyako.

18-135 si adui

Anayepiga video zaidi ya picha achukue Canon EF-S 18-135mm f/3.5-5.6 IS USM, na hatutabishana naye. Ziko tatu zenye jina linalofanana: ya 2009, ya STM ya 2012, na ya USM ya 2016, ambayo imeandikwa NANO USM. Ya tatu ndiyo ya kutafuta. Kwenye 70D na 80D, ambazo fokasi yake ya skrini ni ya kisasa, hufuata sura ya msemaji kimyakimya bila kurukaruka. Uzito gramu 515, filta 67. Mchana, kwenye msafara wa bwana harusi barabarani au maandamano ya tamasha, inakutoshea kuanzia kundi zima hadi sura moja bila kubadili lenzi, na kubadili lenzi kwenye upepo wa kaskazi ufukweni ni kuukaribisha mchanga kwenye sensa.

Vipi mashua? Ngalawa iliyo mita 60 kutoka uliposimama, kwa milimita 135, inaingia kwenye picha yenye upana wa kama mita 10. Kwa milimita 50 upana ni kama mita 27, na ngalawa inakuwa ndogo. Lakini kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. Ikate ibaki nusu kila upande na bado una 3000 kwa 2000, inayotosha kuchapa safi kwenye karatasi ya A4. Na Bagamoyo yenyewe husaidia: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, vyombo hubaki mchangani na unavifuata kwa miguu. Tazama jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kulipia milimita 85 za ziada.

Ya Nikon inayofanana nayo ni AF-S DX 18-140mm VR ya 2013, gramu 490, filta 67. Juu yake ipo 16-80mm f/2.8-4E, gramu 480, filta 72, ambayo kwa macho yetu ndiyo lenzi ya kutembelea bora kabisa kwa Nikon kropu: 16 kwenye upana ni tofauti inayoonekana vichochoroni. Tundu lake huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo kwenye kamera kama D80, D90 na D3000 halitafunga.

Usiitupe iliyokuja na kamera

Canon EF-S 18-55mm IS STM ya 2013 ina uzito wa gramu 205 na inakaribia kitu hadi sentimita 25. Kwa karibu kabisa inajaza picha kwa kitu cha upana wa kama milimita 62. Canon 17-55 ya bei kubwa, kwa karibu yake yote, inaishia kwenye milimita 130 hivi. Maana yake, piko na hina kwenye vidole vya bibi harusi, pete, uzi wa dhahabu kwenye kanzu, vinapigwa vizuri zaidi na lenzi ambayo watu huiacha kabatini. Ibebe mfukoni. Usiichanganye na ile ya f/4-5.6 ya 2017, ambayo haikikuzi kitu kiasi hicho, wala na ile ya zamani ya IS II, ambayo kioo chake cha mbele huzunguka inapofokasi na kukuharibia filta ya polaraiza kila ukibonyeza.

Nikon 18-55 zenye maandishi AF-P ni nzuri na za kimya, ila hazifanyi kazi na D90, D3100, D3200 wala D7000. Wauzaji wengi hawalitaji hilo.

Kamera zisizo na kioo

Canon R50 na R100 huja na RF-S 18-45mm f/4.5-6.3. Ni gramu 130, na mchana haina tatizo, lakini usiku f/6.3 ni mateso. Sigma 18-50mm f/2.8 DC DN ilitoka 2021 kwa Sony, ikaja kwa Fujifilm, na 2024 ikafika kwa maunti ya RF. Uzito wake ni karibu gramu 300, filta 55, na kwenye upana inakaribia hadi sentimita 12. Inawekwa mfukoni mwa kanzu. Haina kitulizi, na R50 wala Sony a6000 hadi a6400 hazina kitulizi mwilini, kwa hiyo video ya kushika mkononi itatikisika. Kwa Sony, anayepiga video achukue Tamron 17-70mm f/2.8: gramu 525, kitulizi kipo, imekingwa unyevu, na 70 inafaa kwa sura. Kwa Canon, ile 17-50 ya zamani inafunga kwenye R50 kwa adapta ya EF-EOS R, na tatizo la kufokasi mbele na nyuma hupungua sana kwa kuwa kamera hufokasi kwa sensa yenyewe.

Wa fulu fremu kwa kifupi: Tamron 28-75mm f/2.8 kwa Sony ni gramu 550 na ya bei nafuu, na 28 yake inaona sawa na 17 kwenye Canon kropu, mita 3.9 kwa mita 3. Inatosha. Anayeishi kwa majengo achukue inayoanzia 24, kama Sony 24-105mm f/4 G au Nikon Z 24-120mm f/4 S, ajue tu kuwa amepoteza hatua moja ya mwanga.

Kuipima kabla ya kulipa

Nenda na kamera yako, betri iliyojaa na tochi ya simu. Ondoa vifuniko, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiiinamisha kidogo. Nukta chache za vumbi si hoja. Nyuzi zinazotawanyika kama utando wa buibui ni fangasi, rudisha. Ukungu wa maziwa unaofunika kioo kizima, rudisha pia. Lenzi nyingi za Nikon za maunti ya F hujifunga tundu zikiwa nje ya kamera, kwa hiyo sukuma kile kidole cha chuma nyuma ili uone ndani. Za Canon hubaki wazi.

Ifunge kwenye kamera. Weka f/11 na upige kwenye 17, 24, 35 na mwisho wa mvuto, mara kadhaa kila mahali. Ikijitokeza Err 01, waya mwembamba wa tundu umechoka. Ni ugonjwa unaojulikana wa Canon 17-55 na 24-105 ya kwanza, na kwa kawaida hauonekani ukipiga na tundu likiwa wazi kabisa, ndiyo maana muuzaji hukuonyesha picha za f/2.8 na f/4 tu. Sikiliza kitulizi: mnong'ono laini ni sawa, mikwaruzo na picha inayorukaruka kwenye kitundu si sawa.

Mwisho tafuta ukuta wa matofali, simama nao sambamba, piga kwa f/4 kwa kila mvuto. Pembe zote nne zikiwa laini kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi. Pembe moja ikiwa laini na tatu kali, lenzi imewahi kuanguka na kioo cha ndani kimehama. Fundi wa kuirudisha sawa ni wa kutafutwa kwa tochi.

Chumvi na fangasi

Jioni ukitoka ufukweni, usifute lenzi ikiwa kavu. Chembe za chumvi na mchanga zikisuguliwa ni msasa. Puliza kwanza kwa pampu ya mkono, halafu pitisha kitambaa laini chenye unyevu wa maji baridi yasiyo ya chumvi kwenye mwili na pete, kisha kioo kwa maji ya kusafishia lenzi. Ukipiga pale wanapokaangia samaki, kioo kitashika utando wa mafuta usioonekana mpaka taa zitakapoanza kutoa mng'aro. Hapo kitambaa kikavu husambaza tu, tumia maji ya lenzi. Filta ya 77 iliyo safi ni bima nzuri kwa ufukweni. Usiku iondoe, hurudisha taa za jukwaa zikiwa zimepinduka kwenye picha.

Fangasi hupenda giza, joto na hewa iliyosimama, na mkoba wa ngozi ndani ya kabati wakati wa masika una vyote vitatu. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, chembe za silika na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50. Chembe za rangi ya chungwa zikigeuka kijani, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili hivi na uzirudishe. Na ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa kabla ya kuitoa. Unyevu wa Bagamoyo ukikuta kioo cha baridi hujenga umande papo hapo, na ukiwa na haraka ya kubadili lenzi wakati huo, umande huo utatua kwenye sensa.